Baraza letu la juu lina kiti kimoja



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya kazi za Seneti, yaani lile baraza la juu la Bunge katika nchi zenye mabaraza mawili. Najua wengine mmeshaguna. Mtu hana nauli ya kurudi Mbagala, anaambiwa habari za maseneta! Nivumilieni. Sitaanzia Washington wala London. Naanzia Ngara.

Wengi wenu Ngara mnaijua kwa malori. Utingo anayetoka Dar es Salaam na shehena ya Kigali hupita Isaka na Kahama, akaingia wilaya ya Biharamulo pale Nyakanazi, akafika Lusahunga, akapita Nyakahura, mwisho akashuka Benaco, wilayani Ngara. Hapo barabara inagawanyika. Moja inateremka Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera, na ng'ambo ni Rwanda. Nyingine inapanda Ngara mjini hadi Kabanga, na ng'ambo ni Kobero, nchini Burundi.

Sasa jambo ambalo utingo huyo haambiwi. Akivuka Rusumo ameingia nchi yenye Seneti. Akivuka Kobero ameingia nchi nyingine yenye Seneti. Akiipita Burundi akaingia Kongo, Seneti ipo. Akirudi akazunguka Ziwa Victoria mpaka Kenya, Seneti ipo. Mhangaza wa Ngara kila akigeuka anaona maseneta, ila nyumbani kwake hawapo. Yeye ana mbunge mmoja Dodoma, na jirani yake wa Biharamulo ana mmoja, katika Bunge lenye watu zaidi ya mia tatu.

Je, amepungukiwa kitu? Hilo ndilo nataka tulijadili. Wala msidhani nimekuja kuwapigia debe maseneta, maana miongoni mwao wapo ambao afadhali wasingekuwapo.

KATIBA INASEMAJE

Fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 62. Inasema Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili. Mbili! Kijana anayeisoma kwa mara ya kwanza anaweza kufurahi akadhani naye ana baraza la juu. Akiendelea mstari mmoja anazikuta sehemu zenyewe: moja ni Rais, nyingine ni Wabunge. Basi.

Tuliiga kwa Waingereza. Kule Bunge ni Mfalme, na Lords, na Commons. Sisi tulipofungasha mizigo ya Uhuru tukamchukua Mfalme na Commons, wale Lords tukawaacha uwanja wa ndege. Na kuna wanaodhani Baraza la Wawakilishi la Zanzibar ndilo baraza letu la juu. Sivyo. Lile lilianzishwa mwaka 1980 kutunga sheria za Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano. Halipitii miswada ya Dodoma.

Kwa hiyo baraza letu la juu lina kiti kimoja na liko Ikulu. Nguvu zake si za mchezo. Wabunge wakipitisha muswada, Rais anaweza kuurudisha na sababu zake. Wakiupitisha tena kwa theluthi mbili, Ibara ya 97 inampa siku 21 aweke sahihi, la sivyo avunje Bunge. Yaani mbunge anayeshikilia msimamo anaweza kujikuta yuko jimboni anaomba kura upya. Juu ya hayo, Rais huyo huyo anateua wabunge hadi kumi wa kukaa humo humo ndani.

Katika nchi zenye mabaraza mawili, kazi kubwa ya lile la juu ni kuuliza mara ya pili. Baraza la chini limeuliza, au limesinzia, au limepiga makofi. La juu linauliza tena: Nani aliamua? Nani alijua? Nani atalipa? Kwetu sisi anayetakiwa kuuliza mara ya pili ndiye mkuu wa Serikali inayotakiwa kuulizwa. Mtuhumiwa na karani wa mahakama ni mtu mmoja!

SIKU MOJA NAIROBI

Hebu tuone siku ya kazi ya Seneti inavyokuwa, na tuchukue ya jirani anayesema Kiswahili.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya pamoja na Nairobi. Haikudumu. Mwaka 1966 iliunganishwa na baraza la chini, wenyewe wakapiga kura kujifuta, na Kenya ikakaa na baraza moja karibu nusu karne. Katiba ya mwaka 2010 ikairudisha, na tangu 2013 wako maseneta 67. Kati yao 47 huchaguliwa na wananchi, mmoja kwa kila kaunti. Waliobaki ni wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaoingia kupitia vyama.

Linapokuja suala la kaunti, maseneta hawapigi kura kwa kichwa. Kila kaunti ina kura moja, na lazima zipatikane 24 kati ya 47. Kwa sensa ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya milioni nne. Lamu haikufika laki moja na nusu. Katika kura hiyo Lamu na Nairobi ni sawasawa. Tafadhali litieni akilini jambo hilo, nitalirudia tukifika Biharamulo.

Mwaka 2020 kulikuwa na ugomvi wa kugawa fedha za kaunti. Kanuni mpya iliyopendekezwa ilikuwa na maana kwamba penye watu wengi fedha ziongezeke, na kaunti za kaskazini na za pwani, zenye ardhi kubwa na watu wachache, zipungukiwe. Maseneta wakakaa, wakashindwa kukubaliana. Wakakaa tena, wakashindwa. Wiki zikapita. Wa vyama tofauti wakawa kitu kimoja, na wa chama kimoja wakagawanyika, kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia kwao.

Basi tarehe 17 Agosti 2020, siku ambayo kura ilitazamiwa, polisi wakawakamata maseneta watatu: Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Lang'at wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu. Wote watatu walikuwa wanaipinga kanuni ile. Mchana wenzao wakaingia ukumbini. Karatasi ya shughuli za siku ilisema kugawa fedha. Nani angegawa fedha siku hiyo? Shughuli ikageuka: wenzetu wako wapi, na nani katoa amri? Baadaye wote watatu wakaachiwa. Kanuni haikupita. Ikaundwa kamati ya maseneta 12 kutafuta suluhu, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Septemba, wakapitisha kanuni nyingine kwa sharti kwamba isianze kutumika mpaka fungu la kaunti zote lipande kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili asipunguziwe mtu.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo siku ya kazi. Baraza lile lina vituko vyake, lina wapenda posho na wanaosinzia kama kwingine kokote. Lakini Wajir na Lamu zilisimama mbele ya Serikali kuu, zikakataa, na Serikali ikaenda kutafuta hela nyingine.

Nirudi Biharamulo. Wilaya hiyo imegawanywa mara kadhaa. Chato ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 2005 ilipofanywa wilaya, na mwaka 2012 ikahamishiwa mkoa mpya wa Geita. Misitu yake iliyokuwa mapori ya akiba, pamoja na Burigi na Kimisi, ikaunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Katika mkoa wa Kagera, Ngara na Biharamulo ni kona ya kusini, mbali na Bukoba. Mtasema tukiwa na seneta mmoja kwa mkoa atatoka Bukoba. Huenda. Wahaya hawajambo kwa siasa. Hata hivyo hata huyo wa Bukoba angekuwa na kura sawa na ya Dar es Salaam, na angekuwa na sababu ya kusimama mtu akitaka kujua kilichotokea Rusumo.

Maana Rusumo kilitokea kitu.

APRILI 1994, DESEMBA 1996

Wengi wenu hapa hamkuwa mmezaliwa. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa Kigali, naye akafa pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Alikuwa anatoka kwenye mkutano Dar es Salaam, hapa hapa kwetu. Usiku ule mauaji ya kimbari ya Watutsi yakaanza. Baada ya wiki chache mto Kagera ulikuwa unabeba maiti, ukizipitisha chini ya daraja la Rusumo na kuziingiza Ziwa Victoria. Watu wa Kagera waliacha kula samaki kwa hofu.

Mwishoni mwa Aprili, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema halijawahi kuona kitu cha namna ile. Wakawekwa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni iliyokuwa inajenga barabara. Zikafuata kambi za Lumasi, Musuhura na Lukole. Wakimbizi wakawazidi wenyeji kwa idadi. Miti ikafyekwa kwa kuni, mihogo ikang'olewa usiku, bunduki zikaingia mikononi mwa majambazi, mpaka mabasi ya kupita Biharamulo yakawa yanasindikizwa na polisi.

Walikuwa watu gani? Hapa tuwe wakweli. Walikuwamo wauaji. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Murambi kule Rwanda, alifika Benaco na wafuasi wake, na wafanyakazi wa misaada walipotaka aondolewe, kambi ikachafuka. Mahakama ya Arusha baadaye ilimtia hatiani. Na walikuwamo kina mama na watoto wa kubeba mgongoni, ambao hawakumuua mtu. Kuwatenganisha ilikuwa kazi ngumu, na dunia haikutaka kuilipia. Machi 1995 Tanzania ikafunga mpaka.

Ikaja Desemba 1996. Mwanzoni mwa mwezi Serikali yetu na Shirika la Wakimbizi walitoa tangazo la pamoja: Wanyarwanda wote wanatarajiwa kuwa wamerudi kwao kufikia tarehe 31 Desemba. Tarehe 12 wakimbizi wakaanza kutoka kambini, lakini hawakwenda Rwanda. Walielekea mashariki, ndani ya Tanzania, kwa makumi ya maelfu, wakitumaini kufika Kenya, au Zambia, au Malawi, popote. Jeshi na polisi wakawazuia na kuwageuza. Wakatembezwa barabarani kurudi Rusumo. Kabla ya mwaka kwisha karibu nusu milioni walikuwa wamevushwa daraja lile lile. Amnesty International na wengine wakasema huko si kurudi kwa hiari, ni kufukuzwa.

Serikali ilikuwa na hoja zake. Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kambi zilikuwa zimeshambuliwa mwezi mmoja kabla na mamia ya maelfu wamerudi Rwanda. Wenyeji wa Ngara walikuwa wamechoka, na mtu asiyelala wala asiye na kuni hawezi kulaumiwa kwa kuchoka. Huenda hata mimi ningekuwa Waziri ningesema warudi.

Lakini nauliza. Uamuzi wa kuwatumia askari ulikatwa wapi, na nani? Aliyetoa amri aliambiwa nini juu ya hali ya usalama wanakopelekwa? Waziri gani aliitwa mbele ya kamati, hadharani, akaapishwa, akajibu? Bunge la wakati ule ndilo lililokuwa la kwanza baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995. Katika viti 232 vya majimbo CCM ilikuwa na 186. Na ile sehemu ya pili ya Bunge, inayotakiwa kuuliza mara ya pili, ndiyo iliyokuwa Amiri Jeshi Mkuu.

WALIOULIZA WENGINE

Wakati nusu milioni wanatembezwa Ngara, Ulaya kuna Seneti ilikuwa inajiandaa kufungua mafaili.

Ubelgiji ni nchi ndogo, mkoa wa Tabora unaizidi mara mbili kwa eneo. Lakini huku kwetu ina historia. Majeshi yake ndiyo yaliyoingia Biharamulo mwaka 1916 kuwafukuza Wajerumani, na mwaka 1919 mwakilishi wake Orts na Milner wa Uingereza walipogawana ramani, Bugufi, nchi ya Wahangaza ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu, ikabaki upande wa Waingereza. Ndiyo maana leo Ngara ni Tanzania. Hakuna Mhangaza aliyeulizwa.

Mwaka 1994 Ubelgiji ilikuwa na askari katika jeshi la Umoja wa Mataifa Kigali. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili kumi kati yao, waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, waliuawa katika kambi ya jeshi. Waziri Mkuu mwenyewe aliuawa siku hiyo hiyo. Ubelgiji ikaondoa askari wake. Tarehe 11 Aprili walipoondoka katika shule ya ufundi ya Kicukiro, waliacha nyuma watu wapatao elfu mbili waliokuwa wamekimbilia pale kwa usalama. Wauaji walikuwa wanangoja getini.

Familia za wale askari kumi hazikukubali kunyamaza. Seneti ya Ubelgiji, iliyokuwa na maseneta 71, ikaunda kikundi cha kusoma nyaraka za Serikali. Kikundi kikakuta mambo. Aprili 1997 Seneti ikaunda kamati kamili ya uchunguzi, yenye uwezo wa kuita shahidi na kumwapisha kama mahakamani. Mwenyekiti wake alikuwa Frank Swaelen, Rais wa Seneti. Walioandika ripoti walikuwa Philippe Mahoux wa chama kilichokuwa serikalini na Guy Verhofstadt wa upinzani. Sikieni hilo, vijana: mtu wa upinzani anashika kalamu ya ripoti!

Siku za kazi za kamati ile zilikuwa hivi. Anaingia ofisa wa jeshi, anaulizwa: simu ya kwanza uliipata saa ngapi? Ulimwambia nani? Anaingia waziri wa zamani, akiwamo Willy Claes aliyekuwa wa Mambo ya Nchi za Nje, anaulizwa: taarifa hii yenye onyo ilipofika mezani kwako ulifanya nini? Mengi yalisikilizwa hadharani, waandishi wa habari wakiwa ndani na wajane wakiwa ndani. Jenerali Roméo Dallaire, aliyekuwa kamanda wa jeshi la Umoja wa Mataifa, walimtaka pia. Umoja wa Mataifa ukakataa kumruhusu. Hilo nalo likaandikwa.

Ripoti ilitoka Desemba 1997. Ilisema kwamba tangu Januari 1994 Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na taarifa za kutosha kujua kwamba, kama si mauaji ya kimbari, basi mauaji makubwa yanaandaliwa. Ililaumu Umoja wa Mataifa, ililaumu majenerali, ililaumu wanasiasa wa nyumbani kwao. Hakuna waziri aliyekwenda jela. Ila Verhofstadt yule wa upinzani akawa Waziri Mkuu mwaka 1999, na tarehe 7 Aprili 2000 akasimama Kigali akaomba msamaha kwa jina la nchi yake.

Mimi siwasifii Wabelgiji. Walianza kuuliza kwa sababu ya watu wao kumi, na wale elfu mbili wa Kicukiro waliingia katika mafaili kwa mlango wa nyuma. Wala Seneti yao haikubaki vile. Tangu mwaka 2014 imepunguzwa hadi watu 60 na meno yake mengi yameng'olewa. Lakini ripoti ipo. Mwanafunzi wa Brussels anayetaka kujua nchi yake ilifanya nini Aprili 1994 anaifungua anasoma. Mwanafunzi wa sekondari ya Ngara akitaka kujua nchi yake ilifanya nini Desemba 1996, atafungua nini?

MASENETA SI MALAIKA

Sasa yule aliyeguna mwanzoni atasema: mzee, Rwanda ina Seneti, Burundi ina Seneti, je, kuna kuulizana huko?

Umesema kweli. Seneti ya Rwanda, iliyoanza baada ya Katiba ya mwaka 2003, ina watu 26, na wanane wanateuliwa na Rais. Mtu anayeteuliwa huuliza kwa adabu. Ya Burundi imewekwa kwa hesabu za amani, Wahutu na Watutsi sawa kwa sawa, na Watwa watatu, ili kabila moja lisilimeze jingine. Hesabu nzuri. Lakini mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu na nchi ikawaka, aliyekuwa Rais wa Seneti hiyo, Révérien Ndikuriyo, alitoa hotuba mwezi Oktoba kwa viongozi wa mitaa akitumia maneno ya mafumbo ya kufanya "kazi". Adama Dieng, mshauri wa Umoja wa Mataifa juu ya kuzuia mauaji ya kimbari, alisema maneno hayo yanafanana sana na yaliyosikika Rwanda kabla na wakati wa mauaji. Wakati huo Warundi kwa makumi ya maelfu walikuwa wameshaingia tena mikoa yetu ya Kagera na Kigoma. Baraza la juu badala ya kuuliza, linatisha!

Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Swali ni nani kamweka seneta pale, na nani anaweza kumwondoa.

Na tuwe wa haki kwa Bunge letu pia. Likitaka, linaweza. Kamati teule ya Dk. Harrison Mwakyembe ilichunguza mkataba wa umeme wa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Desemba 2013 kamati ya James Lembeli ilisoma ripoti juu ya Operesheni Tokomeza, jinsi wananchi walivyoteswa kwa kisingizio cha kusaka majangili, na mawaziri wanne wakaondoka kwa siku moja. Hilo lilifanywa na baraza moja, bila seneta hata mmoja.

Mwaka huo huo wa 2013 kulikuwa na operesheni nyingine, Kimbunga. Mwishoni mwa Julai Rais Jakaya Kikwete, akiwa Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba askari wakaingia vijijini, Kagera, Geita na Kigoma. Makumi ya maelfu wakavuka kwenda Rwanda na Burundi, wengine na ng'ombe wao, wengine bila kitu. Walikuwamo waliosema wamezaliwa hapa, wana wake hapa, na baba zao wamezikwa hapa. Ngara, Biharamulo na Karagwe watu wameoana na majirani tangu kabla Milner na Orts hawajazaliwa. Utamjuaje raia kwa pua? Kamati ya Lembeli ilihusu Tokomeza. Kimbunga haikuwamo katika kazi yake.

Mnaona ninachokitafuta? Richmond iligusa umeme wa Dar es Salaam. Tokomeza iligusa wilaya nyingi, na wabunge wengi wakawa na wapiga kura wenye makovu. Kimbunga iligusa kona moja ya nchi, yenye wabunge wachache, na watu ambao ilikuwa rahisi kuwaita si wenzetu. Baraza linalohesabu vichwa litaisikia Kariakoo kabla ya Kabanga. Mbunge wa Ngara hata akiwa simba, ni simba mmoja.

Wapo watakaosema Seneti ni ulaji mwingine: mashangingi mengine, posho nyingine, wazee wastaafu wanatafutiwa pa kupumzikia. Hofu hiyo ninayo pia. Nchi inayoshindwa kuweka dawa Nyakahura haina haja ya kununua viti vya ngozi vya kusinzilia. Ikiwa maseneta wenyewe watateuliwa na kile kiti kimoja cha Ikulu, mimi wa kwanza kupinga. Lakini hoja ya gharama isitumike kama danganya toto. Mbona hatuulizi gharama tunapoongeza mikoa, wilaya na manaibu?

Katiba mpya tuliahidiwa. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima ikakusanya maoni, Bunge la Katiba likaandika lake mwaka 2014, kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na haijapigwa. Siku mjadala ukifufuliwa, mtaletewa tena ugomvi wa serikali mbili au tatu, na vijana mtagawanywa katika hilo mpaka jua lizame. Wakati huo mtu mmoja ainue mkono aulizie Ibara ya 62. Aulize kwa nini Rais awe sehemu ya chombo kinachotakiwa kumhoji. Aulize kamati ya Bunge itapata wapi nguvu ya kumwapisha jenerali na waziri, hadharani, awe wa chama gani. Aulize mkoa wenye watu wachache utasikika vipi siku askari watakapoingia tena vijijini kwake.

Kijitabu cha Katiba kinauzwa barabarani kwa bei ya sahani ya chipsi. Changeni watatu mnunue kimoja.

Nimemaliza. Nani ana swali?